Mashine Iliyolikumbuka Jabali

Kwa jina la Msikivu, asopitwa na sauti,
Ajuaye penye wivu, penye chuki na mauti,
Tunaomba uangavu, haki isimame kati,
Tusinene kwa uovu, tuseme lililo dhati.

Baada ya dua, watu na wapangwe kwa daraja zao, ili dhalimu asichanganywe na aliyedhulumiwa.

Wa kwanza ni maiti. Antipasi Mughwai, mtu wa miaka arobaini na mmoja, alikuwa na ukumbi wa kuonyesha picha katika kijiji cha Issuna. Aliujenga kwa matofali ya kuchoma, ukuta wa nyuma ukiegemea jabali. Na kwa kuwa jabali lile halikukubali nyundo wala moto, alilikubali yeye, likaingia chumbani pembe ya kushoto mfano wa ng'ombe aliyelala. Juu ya jabali hilo ndipo alipouawa. Alipigwa kwa chuma mara saba: mara mbili mgongoni, mara moja mkononi alipojikinga, na mara nne kichwani.

Wa pili ni Elina, mkewe, auzaye maandazi nje ya ukuta huo huo. Jumanne ile ya mauaji, wakati wa alasiri, mumewe alikuwa ndani peke yake akiijaribu mashine yake mpya ya sauti kwa picha ya mapigano. Elina alisikia vishindo. Alisikia mtu akisema, "Nihurumie," akasikia mfupa ukivunjika. Issuna nzima ilisikia, na Issuna nzima ikadhani ni picha. Elina aligonga ukuta kwa upawa, akasema, "Baba, punguza sauti, wateja hawanisikii." Baada ya muda sauti ikakatika kabisa, naye akamshukuru. Alipoingia kumpelekea chai, picha ilikuwa ikiendelea ukutani bila sauti, mashine haipo, na mumewe hana uso.

Wa tatu ni Nathan, fundi wa redio, mzaliwa wa Kinampanda. Ndiye aliyemchagulia marehemu mashine ile, akaifunga kwa mikono yake. Bisibisi yake ilikutwa ndani ya damu. Siku nane baada ya mauaji, habari ya bisibisi ilipotajwa mnadani, watu walimkamata kabla ya polisi, wakamweka mkono wa kulia juu ya jiwe na kuuponda kwa jiwe jingine. Walikuwa wamekwisha kumvika tairi shingoni gari la polisi lilipofika.

Wa nne ni Inspekta Rukaiya Alute, mpelelezi kutoka Singida mjini, pamoja na Koplo Stanley aliyekuwa mkono wake. Sheria ilimpa Rukaiya hadi saa sita mchana siku ya Ijumaa: ama amshitaki Nathan kwa mauaji, ama amfungulie mlango. Akimshitaki, bisibisi ile ilitosha kumpeleka kwenye kitanzi. Akimfungulia bila kutaja jina la mtu mwingine, watu wa Issuna walikuwa wameapa kwamba hatafika Kinampanda.

Wa tano, wakati huo, bado alikuwa akiamkiwa kwa heshima na kila mpita njia.

*

Alhamisi asubuhi Rukaiya aliingia mahabusu. Nathan alikuwa ameketi sakafuni, mkono wa kulia umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko, jicho moja limezibwa na uvimbe.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba. Unaweza kuzungumza?"

"Meno ya mbele yamekwenda. Ulimi wameusahau."

Rukaiya aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Bisibisi ni yako?"

"Yangu. Mpini nimeuviringishia mpira wa baiskeli."

"Ilikuwa ndani ya damu."

"Niliisahau juu ya jabali siku niliyofunga spika za nyuma. Damu iliikuta hapo, mama. Haikuifuata damu."

"Kila muuaji ana kitu alichokisahau."

"Na kila fundi pia. Katafute nyumba yoyote niliyofanya kazi, utakuta koleo langu."

Koplo Stanley, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliguna. Rukaiya hakugeuka.

"Mashine uliichaguaje?"

"Mama anataka kununua?"

"Huenda."

Nathan alijisogeza, akaegemea ukuta. Alipoanza kusema habari za kazi yake, sauti ilimtoka bila kukwama.

"Ile inaitwa prosesa ya sauti ya mzunguko. Picha inaleta sauti ikiwa furushi moja. Yeye anaigawa, kila spika inapata fungu lake, wewe uliyeketi katikati unazungukwa. Lakini zote zinazofika huku zimetumika ng'ambo, zimechoka. Ukienda kuchagua usitazame uso, maana uso unafutwa kwa kitambaa. Igeuze mgongo. Ukiona skrubu zimelika vichwa, jua kuna mtu amekwisha kuichokoza. Kisha weka pua kwenye matundu ya joto. Ikinuka nywele zilizoungua, iache. Halafu iwashe, isubiri robo saa ipate moto, uiamuru itoe mvumo wa majaribio, spika moja baada ya moja. Unavuma kama mvua juu ya bati. Spika moja ikinyamaza, njia ile imekufa, na muuzaji atakuambia ni waya tu."

"Muuzaji gani husema hivyo?"

"Wote."

"Mlinunua kwa nani?"

"Kwa Godfrey, pale mjini, karibu na soko. Alikuwa nazo tatu za aina moja. Mbili zilikuwa mbovu, nikachagua nzima."

"Nikiiona leo, nitaijuaje? Zinafanana."

"Ifungue kumbukumbu. Mashine hiyo huambiwa kila spika iko umbali gani na benchi la mtazamaji, ili sauti zote zifike kwa wakati mmoja. Ukiisha kuiambia haisahau, hata izimwe mwezi mzima. Spika za mbele ni mita nne na sitini. Ya katikati, nne na kumi. Ya nyuma kulia, tatu na tisini." Alinyanyua mkono wa kushoto, akaonyesha kitu kifupi. "Ya nyuma kushoto ni mbili na ishirini tu, maana jabali limekula ukuta, ilinibidi niiweke juu yake. Hakuna chumba kingine cha namna ile Singida nzima. Na nilipima kwa tepu, mama. Siyo ekari ya Bonaventura."

"Ekari gani hiyo?"

Nathan alijaribu kucheka. Damu ikamtoka kwenye ufizi. "Ni msemo wetu Issuna. Kitu kilichopunjwa tunakiita hivyo. Mzee Bonaventura ana kinu cha kukamulia alizeti, na ana mashamba ya kukodisha. Usimwambie nimesema. Nimebakiwa na mkono mmoja."

"Kuna lingine la kuniambia?"

"Kumbukumbu ziko mbili, kwa mtu mwenye vyumba viwili. Ya kwanza niliijaza. Ya pili niliiacha sifuri."

*

Adhuhuri haijaingia, Rukaiya alikuwa dukani kwa Godfrey, amevaa baibui na kushika mkoba wa sokoni. Stanley alimfuata amevaa fulana, ana sura ya dereva aliyechoka kusubiri.

"Natafuta prosesa ya mzunguko," alisema. "Ya ukumbi wa harusi."

"Umefika, mama." Godfrey alikuwa mtu mrefu mwenye shingo ya korongo. Alizishusha mashine kutoka rafuni, akazipanga mezani. "Dada wa tumbo moja hawa. Chagua umpendaye."

Rukaiya alizihesabu. Zilikuwa tatu. Nathan alisema zilikuwa tatu kabla ya kununua moja. Zilipaswa kubaki mbili. Kibati cha namba kilikuwa kimebanduliwa kwenye zote.

Aliigeuza ya kwanza mgongo, akainamia matundu yake na kunusa. Akaisukuma kando.

"Mbona hujaiwasha?" Godfrey aliuliza.

"Imeungua nywele."

Ya pili waliiwasha, wakaisubiri hadi ikapata moto. Mvumo wa majaribio ulipita spika ya mbele kushoto, ya katikati, ya mbele kulia. Ulipofika nyuma kulia, duka likawa kimya.

"Hiyo ni waya tu, mama," alisema Godfrey.

Stanley aliangalia dari.

Ya tatu ilivuma kwenye spika zote tano, sawasawa, bila kukwaruza. Rukaiya alitoa unyoya wa kuku mkobani, akaupitisha kwenye matundu yake ya joto. Ukatoka na maganda meusi yenye mistari myeupe, makapi ya alizeti. Akaiomba rimoti, akafungua kumbukumbu ya kwanza, akaisoma kwa sauti kana kwamba anasoma orodha ya vyakula vya harusi.

"Nne na sitini. Nne na sitini. Nne na kumi. Tatu na tisini. Mbili na ishirini."

Kisha akafungua ya pili. Haikuwa sifuri tena. "Kumi. Kumi. Tisa. Sita. Sita." Aliziandika kwenye daftari. Tarakimu za Nathan zilikuwa na sentimita zake. Hizi hazikuwa na sentimita hata moja.

"Nimechagua hii," alisema.

"Una jicho, mama. Nikufungie kwenye boksi?"

"Nifungie kwenye gunia lililoileta."

Godfrey alimtazama, akamtazama Stanley, akaviona viatu vya Stanley, ambavyo havikuwa vya dereva. Chuma cha kulehemu kilikuwa mezani, ncha yake nyekundu. Alikinyakua na kumchoma nacho Stanley mkononi, moshi ukatoka, ngozi ikanuka. Stanley hakurudi nyuma. Alimshika Godfrey kisogo, akampigiza uso mezani mara moja, kioo cha saa iliyokuwa hapo kikavunjika chini ya shavu lake, kisha akamkunja mkono mgongoni hadi bega likalia.

"Mwenye mashine hii ameuawa," alisema Rukaiya, naye akichomoa waya wa chuma kile ukutani. "Sema, au uwe wa pili kushitakiwa."

"Sikujua." Damu ilikuwa ikimtiririka Godfrey puani hadi kwenye meza. "Bodaboda aliileta Jumamosi, ndani ya gunia linalonuka mafuta. Alisema ametumwa kutoka Issuna. Sikuuliza jina."

"Ulibandua namba."

"Niliogopa ni ya wizi. Ya damu sikuijua, naapa."

"Bodaboda alisema kwa nini inauzwa?"

"Alisema mwenyewe haitaki. Eti haiimbi vizuri."

Stanley alilegeza mkono. "Nzima namna hii, haiimbi vizuri?"

"Ndivyo alivyosema, afande. Nami nilishangaa."

*

Issuna kulikuwa na kinu kimoja tu cha alizeti. Ijumaa saa nne asubuhi, Rukaiya na Stanley, aliyefungwa kitambaa mkononi, waliingia katika ghala la kinu hicho wakiwa na hati ya upekuzi, tepu ya kupimia, na mashine ile ndani ya mfuko.

Mzee Bonaventura alikuwa ameketi juu ya magunia, akimenya muwa kwa kisu kirefu. Alikuwa mfupi, mpana, mwenye miguu minene iliyopinda. Miaka sita iliyopita ndiye aliyekuwa na banda la picha peke yake kijijini. Antipasi alipojenga ukumbi, banda lile lilibaki na kuku.

"Shikamoo, mzee," alisema Rukaiya. Mzee alikuwa mkubwa kwake, na haki hiyo haifutwi na hati.

"Marahaba, binti yangu. Umeolewa, au umeajiriwa?"

"Vyote viwili."

"Mume ana subira."

Rukaiya alikwisha kuziona kuta. Kwenye ukuta wa mbele kulikuwa na misumari mitatu mipya, na miwili kwenye kuta za pembeni, nyuma, mmoja kila upande, yote juu, yote ikining'iniza vipande vya waya. Katikati ya sakafu lilisimama benchi moja.

"Misumari ya nini, mzee?"

"Ya kutundikia magunia."

"Magunia hutundikwa juu ya vichwa vya watu?"

"Panya wa hapa wanaruka."

Stanley alishika ncha ya tepu kwenye benchi, akaivuta hadi chini ya kila msumari, mmoja baada ya mwingine. Rukaiya alifungua daftari lake.

"Saba kamili," alisema Stanley. "Saba kamili. Wa katikati, sita na thelathini. Nyuma, nne na ishirini. Nne na ishirini."

Daftari lilisema kumi, kumi, tisa, sita, sita.

"Rudia."

Stanley alirudia. Tepu haikubadili kauli. Rukaiya aliiweka mashine juu ya benchi, akaiunga umeme, akaisoma upya kumbukumbu ya pili. Ilisema vile vile.

Bonaventura alitema makapi ya muwa. "Mashine yako inasema kumi, ghala langu linasema saba. Mmoja wao mwongo, na ghala langu halijasoma." Aliinuka, akajipangusa magoti. "Fundi mnaye ndani. Bisibisi mnayo. Mnataka nini kwa mzee wa watu?"

"Afande," Stanley alinong'ona, "tumekosea chumba."

Rukaiya alikunja daftari, akatoka, mashine akiiacha juu ya benchi na mlango wazi. Jua lilikuwa limepanda. Mbele ya duka la chumvi walikaa wanaume kama ishirini, na miguuni kwao kulikuwa na dumu la petroli. Walikuwa wanangoja saa sita kama yeye alivyokuwa anaingoja.

Shamba la alizeti lilianzia ukutani mwa ghala. Ndani yake mwanamke aitwaye Sikudhani, mpangaji wa shamba lile, alikuwa akikata vichwa vya alizeti na kuvitupa kwenye turubai. Aliiona tepu mkononi mwa Stanley.

"Shikamooni. Mnapima?"

"Tumemaliza," alisema Stanley.

"Basi nipimieni na mimi. Nimekodi ekari, kila mwaka navuna nusu yake. Mume wangu anasema ni uvivu wangu."

Rukaiya alisimama. "Nani aliipima?"

"Mwenyewe, mzee. Kwa miguu, kama inavyopimwa kwa watu wote: hatua sabini kwa sabini, kila hatua mita moja. Vigingi vyake vile pale." Sikudhani aliweka kisu chini, akaziweka nyayo zake mbili karibu karibu, akatembea kidogo kwa mwendo wa mtu aliyefungwa magoti. "Lakini anatembea hivi. Na ukimwambia, anasema wewe ndiye mwenye miguu ya twiga."

"Koplo," alisema Rukaiya. "Kigingi hadi kigingi."

Stanley aliikokota tepu kati ya mabua, akaweka alama, akaendelea, mara tano mfululizo kwa kuwa tepu ilikuwa ya mita kumi. Alirudi akiwa na makapi hadi kwenye nyusi.

"Arobaini na tisa, afande."

"Upande wa pili."

"Arobaini na tisa."

Rukaiya aliandika. Hatua sabini ni mita arobaini na tisa. Hatua kumi ni mita saba. Hatua tisa ni mita sita na thelathini. Hatua sita ni mita nne na ishirini. Alimpa Stanley daftari asome. Stanley alilisoma mara mbili, kisha akafungua kifuko cha pingu kiunoni.

"Mama," alisema Sikudhani, "kwa hiyo si uvivu wangu?"

"Si wako. Ondoka hapa, dada, nenda kwa jirani."

*

Ndani ya ghala kinu kilikuwa kimewashwa. Bonaventura alisimama kando ya mkanda unaozunguka, akimimina alizeti, na mafuta yalikuwa yakichuruzika hadi sakafuni.

"Mmesahau nini?"

"Swali moja, mzee. Hatua moja ni mita ngapi?"

"Mita moja. Hata mtoto wa mkulima anajua."

"Yako ni sentimita sabini. Vigingi vya Sikudhani vimesema. Ulisimama kwenye benchi hili, ukahesabu hatua kumi, kumi, tisa, sita, sita, ukaiambia mashine ni mita. Ndiyo maana haikuimba vizuri. Uliipunja kipimo, ikakupunja sauti."

Mzee alimimina debe lote la alizeti, polepole, akaliweka chini. Alipoinuka alikuwa na mtaimbo mkononi, chuma cha urefu wa mkono, kile cha kuzibulia kinu.

Pigo la kwanza lilimpata Stanley begani, mfupa wa mtulinga ukakatika kwa mlio mkavu, akaanguka kwa magoti. La pili lilikuwa la kichwa chake. Rukaiya aliliingilia kwa mkono wa kushoto. Mkono ulivunjika chini ya kiwiko. Aliuona ukikunjika mahali pasipo kiungo. La tatu lilivunja benchi, mashine ikaporomoka, nayo ikiwa bado imeungwa umeme ikaanza kuwaka na kuzimika taa.

"Ni mdomo wake!" Bonaventura alikuwa akihema. "Antipasi aliniambia mimi, mbele ya watu, banda langu linalia kama mbuzi. Nikaichukua. Nikaifunga. Nayo ikakataa kwangu."

"Aliomba huruma. Mkewe alimsikia."

"Na mkewe alinyamaza. Wote walisikia wakanyamaza."

Aliuinua mtaimbo kwa mikono miwili. Rukaiya hakurudi nyuma. Aliingia ndani ya pigo, akampiga kwa bega kifuani, na miguu ile minene ikateleza kwenye mafuta. Walianguka pamoja. Kisogo cha mzee kiligonga fremu ya kinu, mtaimbo ukaruka ukanaswa na mkanda, mkanda ukakatika na kumchapa Rukaiya mgongoni kama kiboko. Alimkandamiza mzee shingo kwa goti. Stanley alijikokota kwa mkono mmoja, akamfunga mzee pingu mkono mmoja, akaulalia ili usipigane tena.

Kinu kilipozimwa ndipo waliposikia watu nje.

Wale ishirini walikuwa wamekuwa mia. Sikudhani hakwenda mbali: aliyasikia maneno ya mzee ukutani, akayatangaza. Dumu la petroli lilikuwa mbele, na tairi lile lile lililovikwa Nathan lilikuwa likibingirishwa kuelekea mlangoni.

"Mtoe, afande," alisema aliyelishika dumu, mtu wa makamo aitwaye Calist. "Tulikosea mtu. Sasa hatukosei."

Rukaiya alisimama katikati ya mlango, mkono wa kushoto ukining'inia. "Juzi pia ulisema hukosei."

"Ni yeye aliyetuambia bisibisi ni ya Nathan. Yeye mwenyewe, mnadani."

"Nanyi mkaponda mkono wa fundi kwa neno la muuaji. Mkimchoma huyu, nani atalisema hilo mbele ya hakimu?"

Calist alifungua kifuniko cha dumu. Harufu iliwafikia hadi ndani.

Watu walipasuka katikati, Elina akapita. Alikuwa amevaa kitenge cheusi, mkononi ana upawa wake wa maandazi; alikuwa ametoka jikoni moja kwa moja. Hakumtazama Bonaventura aliyelala sakafuni. Alimtazama Calist.

"Mlimvunja Nathan mkono kwa ajili yangu," alisema. "Nani aliwatuma?"

"Mama, sisi tulikuwa tunamlilia mumeo."

"Mume wangu alilia mwenyewe, mchana, mkiwa mmekaa hapo hapo mlipokaa leo. Ulisema nini, Calist? Nilikuwa nakuuzia andazi. Nikumbushe."

Calist alilitazama dumu.

"Ulisema, 'Leo picha ni kali.'"

Elina alinyoosha upawa kuelekea dumu. Calist alilifunga kifuniko, akaliweka chini. Tairi liliachwa likaanguka lenyewe.

Rukaiya aliitoa simu kwa mkono mzima, akapiga kituoni. Saa ilikuwa sita kasoro dakika kumi. "Mfungulieni Nathan," alisema. "Mpelekeni hospitali kwa gari, si kwa miguu. Waambieni madaktari ni mkono wa fundi." Alisikiliza. "Ndiyo. Nina jina jingine."

Kisha alikaa chini kwenye kizingiti. Elina alifungua mtandio wake, akaufunga mkono uliovunjika shingoni mwa Rukaiya, taratibu, bila kuukaza.

"Mama," aliuliza Elina, "kama ningeingia badala ya kugonga ukuta?"

Kutoka msikitini adhana ya Ijumaa ilipanda. Rukaiya aliisubiri hadi ilipokwisha.

"Angekuua na wewe," alisema. "Na leo nisingekuwa na mtu wa kumzuia Calist."

Elina aliinama, akaiokota mashine kutoka kwenye mafuta, akaifuta kwa pindo la kitenge. Rukaiya aliipokea, akaifunga katika mfuko wa vielelezo, akaandika juu yake jina la marehemu.

Ewe Msikivu usiyepitwa na kilio cha mchana wala cha usiku, uliyekisikia kile ambacho Issuna ilikidhania mchezo: umrehemu aliyekwenda, na waliobaki uwahifadhi. Mpe Elina usingizi usio na vishindo. Mrudishie Nathan vidole vyake, na kama umekwisha kuandika visirudi, basi uupe mkono wake wa kushoto ufundi wa mikono miwili. Waponye mifupa waliosimama mlangoni. Na wale mia waliokuwa nje, uwafunze kusikia kabla hawajafunzwa kuhukumu. Amina.